Kapteri kwenye Mkono wa Mama Sifa

Jumatatu, tarehe 5 Juni
Siku ya nane ya jaribio. Wagonjwa kumi na mmoja, kila mmoja na kapteri mkononi, kile kidude kinachosoma sukari mchana kutwa bila sindano. Natoboa kidole, nasoma mashine, nasoma kapteri kwenye simu ya mradi, naandika namba mbili daftarini. Zikitofautiana sana, kapteri ndiyo imekosea. Ndivyo walivyotufundisha. Bomba la maji limekauka tena. Miguu inauma.

Jumatano, tarehe 7 Juni
Mama Sifa kafika mapema kwa pikipiki kutoka Lubondja. Na nanasi. Watu wa Lubondja hawaji mikono mitupu, hata wakija kutobolewa. Akaona sijala, akanimenyea palepale kwenye benchi. Nilikula bila aibu.

Halafu kipimo. Maji hakuna, nikapangusa kidole chake kwa pamba ya alkoli. Kidole: 312. Kapteri: 94. Nikakasirika. Nikamwambia amekula nanasi, asinidanganye.

"Hapana, munganga. Ile iko ya kwako. Mi sikuonja hata kidogo."

Sikumwamini. Nikaandika kwamba kapteri imekosea. Akatia alama ya kidole kwenye mstari wake. Nikamdunga insulini, akaenda.

Saa nane wakamrudisha wamembeba. Alianguka akitafuta pikipiki ya kurudi. Jasho, hajui jina lake. Kidole cha mkono mwingine: 41. Kapteri: 48. Nikamwekea serum ya sukari kwenye mshipa. Alifungua macho saa tisa na nusu. Sielewi. Naogopa.

Alhamisi, tarehe 8 Juni
Asubuhi ukurasa wa jana haukufunguka. Umegandana na mwenzake. Nikauvuta taratibu. Umeshikana pale kwenye alama ya kidole cha Mama Sifa. Nikanusa. Nanasi.

Sukari ilikuwa kwenye ngozi, si kwenye damu, na alkoli haikuitoa. Alinimenyea mimi, na mimi nikampa dawa ya kushusha sukari ambayo haikuwa imepanda. Kidogo nimuue. Kapteri ilisema kweli. Yeye pia. Nimemwita mwongo mbele ya watu.

Ijumaa, tarehe 9 Juni
Nimemweleza msimamizi wa jaribio. Akasema nifute mstari ule, unaharibu hesabu, tuendelee. Sikufuta. Nimeandika chini yake: mikono haikunawishwa, kosa ni la muuguzi. Nikatia sahihi. Kanuna. Anune. Pengine wataniondoa, sijui. Nimechoka hata kuogopa.

Jumatatu, tarehe 12 Juni
Nimekuja na bidoni ya maji kutoka nyumbani. Mama Sifa amerudi. Sikudhani atarudi. Nimemnawisha mwenyewe kwa sabuni, kidole kimoja kimoja. Kidole 127, kapteri 121.

Nikamweleza yote. Nikaomba msamaha, wagonjwa wengine wakisikia, maana nao walisikia siku ile. Alifuta mikono kwenye kitenge chake.

"Mi nilijua sikukula," akasema. "Lakini we ndo munganga. Nikawaza pengine mwili yangu ndo iko inadanganya."

Nikaandika namba zake mbili.