Historia Yapanda Ndege Jumatano

Jumamosi, 17 Septemba 1994

Leo nimefundisha! Historia, chuoni, hapa Maskati — mimi Zakiya wa Tabora! Wasichana upande mmoja, wavulana upande wa pili. Kijana mmoja akauliza, historia ya kina bibi ina faida gani? Nikamwambia kaa, utaona. Sauti imara, alhamdulillahi.

Kitabu changu nimekianza. Wanawake wetu wa Tabora. Sura nne nnazo kichwani tayari. Ya tano ni ya Bi Shariffa bint Suud, aliyewafunza wasichana kuandika uani kwake. Kusoma Kurani, ruhusa. Kuandika — mwiko! Ati msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Nimeuliza nyumba zote za watu wa Tabora waliohamia huku. Wananambia keshakufa, Mungu amrehemu. Wengine zaidi ya jina hawajui kitu. Sikati tamaa.

Jumanne, 11 Mei 1999

Nimekuwa mkuu wa kitivo. Vikao, vikao, vikao! Cha mwisho leo kuhusu maegesho ya magari. Lakini vinasa sauti vya wanafunzi nimevipata, waende wakawahoji bibi zao! Nilipiga meza kwa furaha mbele ya mhasibu, akaruka.

Sura ya tano bado tupu.

Jumapili, 4 Septemba 2005

Wallahi siamini! Chuo chetu kimepandishwa, sasa ni chuo kikuu. Sheikh Saeed, mwenyekiti wa bodi, kaniita ofisini kwake. Daktari, bodi imekuchagua wewe. Mkuu wa chuo! Wa kwanza, na mwanamke!

Nikashukuru kwa adabu, nikatoka kwa adabu, nikaendesha mpaka Wattaya, nikasimama mbele ya duka la magari, nikapandisha vioo, nikapiga vigelegele peke yangu. Muuzaji akatoka mbio akidhani nataka gari!

Awadh, mume wangu, hakukosa la kusema: "Haya mheshimiwa, chai leo utapika wewe au tuunde kamati?" Nimempiga mto. Sherehe ya kunikabidhi ni Jumatano ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Ntalala vipi mie?

Jumamosi, 10 Septemba 2005

Niandike kwa utaratibu.

Loay, naibu wangu, kafiwa na shangazi yake. Nimekwenda Al Amerat kuhani. Nyumba za kule zote mpya, zote rangi ya krimu. Nikaona magari, nikaona viatu vya kike mlangoni, nikaingia. Nikapeana mikono na wanawake wote kuanzia kulia, kama ada, nikakaa, nikapewa tende na kahawa. Ndo nasikia wanamwombea marehemu Azzam. Azzam nani? Loo, msiba si wenyewe! Kina Loay wako mtaa wa nyuma! Na kuinuka siwezi — ushakaa, ushapokea kikombe, utoke ghafla watu wakufikirie nini? Nikainamisha kichwa, nikajifanya nalia.

Pembeni yangu bibi mmoja mkali, miwani minene, anamnong'oneza mwenzake: yeye Tabora alitupiwa mawe mlangoni kwa ajili ya kalamu.

Kahawa ikanimwagikia! Shikamoo bi mkubwa, jina lako nani?

"Shariffa bint Suud. Kwani wewe polisi?"

Yu hai! Alihamia Kigoma zamani, watu wakamzika kwa midomo yao. Marehemu ni nduguye, alikuja kumuuguza. Nikamwomba anisimulie. Akanitolea macho. Ndugu yangu udongo wake haujakauka, wewe wataka porojo? Siku tatu zishe kwanza. Jumanne wananipeleka Nizwa kwa jamaa. Njoo Jumatano asubuhi. Mchana napanda ndege, na sirudi tena, magoti yamekataa.

Jumatano! Ya Rabbi, siku zote za Mungu, Jumatano!

Kwa kina Loay nimefika watu wanaondoka.

Jumatatu, 12 Septemba 2005

Nimemwomba Sheikh Saeed tuisogeze sherehe. Haiwezekani, wageni wa wizara washaalikwa. Kisha kwa upole kabisa: historia ishapita, Daktari, haikimbii.

"Inapanda ndege Jumatano!" Nilipaza sauti mno. Kanitazama kama anajiuliza bodi imekosea wapi.

Kwenda Kigoma ntakwenda lini, na chuo kizima juu ya kichwa? Na bibi mwenyewe miaka themanini na kitu. Awadh anasema chagua moja. Sitaki kuchagua! Ukuu nnautaka, nnautaka sana, na Bi Shariffa namtaka vilevile. Ntakwenda baada ya alfajiri. Saa nne niko jukwaani, inshaallah.

Jumatano, 14 Septemba 2005

Garini. Anaendesha Nicholas, dereva wa chuo, Mkenya. Naandika juu ya goti, mistari inaruka.

Nilifika jua halijatoka. Bi Shariffa karudi kulala! Kisha chai. Kisha vitumbua. Kisha kufunga sanduku, kulifungua, kulifunga tena. Simhimizi. Mzee ukimhimiza anafunga mdomo, hii ndo kazi yangu miaka yote. Saa tatu ikapita, hajasema neno! Loay akapiga simu, wageni wanaingia. Bibi akauliza nani huyo anakusumbua. Nikamweleza yote. Akanitazama kuanzia mtandio mpaka viatu.

"Mkuu? Wa wanaume pia?"

Wa wanaume pia, bibi.

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi tia sanduku garini, kutoka huko mtanipeleka uwanja wa ndege. Ntasema njiani."

Na anasema! Kanda inazunguka. Tunapita Wadi Adai — wasichana wakificha vibao vyao vya kuandikia ndani ya pipa la unga. Wattaya — jam. "Madam, usijali, hapa tutatoboa tu," anasema Nicholas. Bibi hata hasikii. "Ati watawaandikia wanaume barua! Wanaume gani? Wenyewe hawajui kusoma!" Nicholas kacheka nusura atugongeshe. Na mie nalia, machozi ya kweli safari hii.

Tumefika. Tarumbeta zinapigwa. Loay yuko dirishani na joho langu mkononi, anagonga kioo. Na bibi ndo kwanza kafika siku ya mawe — kawaambia wasichana wainame chini, yeye kaenda kuufungua mlango. Nani alikuwa nje, bibi?

"Usinikate!"

Nimebonyeza kufuli ya mlango.

Sheikh Saeed mwenyewe anakuja! Anatembea haraka, wageni wa wizara wote wamegeuza shingo.

"Na huyu nani?" bibi anauliza.

Aliyenipa kazi.

"Ana haraka ya nini? Mwambie aingie, nafasi ipo mbele."

Nicholas kamfungulia. Sheikh kainama, kaona sanduku, kaona kinasa sauti, kaniona mimi.

"Daktari," kasema. Bibi kamnyooshea kidole anyamaze. Kaingia, kaketi, kafunga mlango. Kanda imekwisha upande mmoja, naigeuza —