Mama Anasimama Uani Ili Nimwone

Mpendwa Dona Belmira,

Nisaidie, maana jambo hili nimelibeba peke yangu hadi limenielemea, na huku niliko sina wa kumwambia. Mimi ni mzaliwa wa huko kwenu Humaitá, nyumbani ni nje ya mji kwenye barabara ya vumbi, lakini huu ni mwaka wa sita niko São José dos Campos, kusini kabisa, kwenye baridi na manyunyu, nafanya kazi na picha za dunia zinazopigwa na setilaiti, na kipindi chako cha redio nakisikiliza kwa mtandao kila mchana nikila peke yangu, kwa sababu nikisikia watu wanaongea kama kwetu, chakula kinashuka.

Kazi yangu ni kuondoa hewa kwenye picha. Setilaiti inatazama ardhi kupitia moshi, vumbi na mvuke, na mwanga mwingine wa jua hugonga moshi ukarudi juu bila hata kufika chini, basi picha inatoka nyeupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na mimi naanza na vitu ambavyo vinapaswa kuwa vyeusi, msitu mnene na maziwa ya maji meusi, nikiona vimepauka najua weupe ule ni wa hewa, nakadiria kiasi chake, nautoa, na kinachobaki ni rangi ya ardhi yenyewe. Msimu wa moto, picha za kwetu ndizo zinazonisumbua kuliko zote.

Mama yangu ni mjane, anaishi peke yake, na mimi ndugu sina. Nilipomweleza kazi hii kwa simu alisema, "Basi mwanangu, njoo uutoe na huu wa jikoni kwangu, macho yananiwasha." Tukacheka. Halafu akauliza, "Na mimi unaniona?" Dona Belmira, ilikuwa Jumapili, sikuwa nimezungumza na mtu tangu Ijumaa jioni, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba alipofariki, nikasema, "Nakuona, mama." Akauliza amejifunga kitambaa gani kichwani. Nikabahatisha, nikasema cheupe. Akasema, "Ndiyo, cheupe."

Ukweli ni kwamba simwoni. Nukta moja ya picha zangu inaimeza nyumba yote ya mama pamoja na kibaraza chake, na ninachokiona mimi ni doa la kijivu katikati ya kijani. Lakini tangu siku hiyo akawa anataka kujua setilaiti inapita lini, nayo hupita kila baada ya siku tano, asubuhi saa nne hivi, basi siku hiyo huoga, huvaa gauni la kanisani, hutoka uani akasimama akatazama juu, na mchana mimi nampigia kumwambia nimemwona, amependeza, amenenepa kidogo, mipapai imestawi. Sokoni ameshawatangazia wote.

Agosti hii moshi umezidi, nyinyi mnajua kuliko mimi. Wiki iliyopita jirani yetu, Seu Abdias, alinipigia nikiwa kazini.

"Ivanilde, mama yako ameanguka uani."

"Ameanguka vipi?"

"Amekohoa hadi akaishiwa nguvu. Muuguzi alishamwambia asitoke kwenye moshi. Nami nimemwambia aingie ndani, ananijibu subiri, bado sijaonwa."

Nikauliza yukoje. Akasema amelala, amekunywa chai, halafu akaniuliza, "Hivi wewe dada, huko juu mnatazama nini hasa?" Picha ya asubuhi ile ilipofika niliifungua, nikakuta moshi mzito kiasi kwamba hapakuwa na hesabu ya kuuondoa, mwanga haukufika chini kabisa, kulikuwa na weupe mtupu kutoka mtoni hadi barabarani. Jioni mama mwenyewe akapiga, sauti imekwaruza, akauliza, "Leo umeniona vizuri?" Nikasema, "Nimekuona."

Utaniuliza kwa nini siendi nyumbani. Mwanzoni sikuwa na nauli, baadaye nikawa na nauli nikakosa likizo, sasa vyote ninavyo na sijui nitaingia mlangoni na sura gani baada ya miaka yote hii. Nikimwambia ukweli, nitamwaibisha mbele ya soko zima, na mimi na yeye hatutabaki na la kuzungumza. Nikinyamaza, setilaiti ikirudi atatoka tena. Tafadhali ukinisoma hewani, fanya uniite jina jingine.

Ivanilde, aliye mbali

Ivanilde,

Barua yako sikuisoma redioni, na sitaisoma. Unataka nikufichie jina, lakini mwanangu, hapa Humaitá nani asiyemjua mama ambaye binti yake anamwona kutoka angani? Watu wangekujua kabla sijageuza ukurasa. Na redio ya mama yako haizimwi, hilo unalijua, umekulia jikoni mle. Nadhani ulitaka nimwambie mimi kwa niaba yako. Kazi hiyo siichukui.

Pole kwa upweke. Kukaa tangu Ijumaa hadi Jumapili bila kusikia sauti yako mwenyewe si jambo dogo, na aliyefika hapo husema lolote ili simu isikatwe. Uongo wa siku ile ya kwanza nakuelewa. Uongo wa juzi sikuelewi. Mtu ameanguka, kifua kinakoroma, na wewe unamwambia nimekuona? Ulikuwa unamlinda nani pale, yeye au wewe?

Sasa nisikilize. Jumamosi nilikwenda kumjulia hali mama yako kama majirani wengine walivyokwenda. Nilimkuta amekaa kitandani anamenya mhogo, ametandika gazeti mapajani. Habari za barua sikuzitaja. Nilimuuliza tu, "Dona Zulmira, kwani ni lazima usimame nje namna ile?"

Akasema, "Hanioni."

"Hakuoni?"

"Mwalimu wa shuleni alinionyesha picha hizo mwaka jana. Nyumba yenyewe huioni, sembuse mimi kibibi."

"Sasa unatoka kufanya nini?"

Aliweka kisu chini. Akasema, "Ile ndiyo siku anayopiga simu. Nisiposimama, atanipigia aniambie nini?"

Hakuniambia nifiche, ndiyo maana nimekuandikia. Aibu ya sokoni iondoe kichwani, yeye anajua anachokisema kuliko wanaomsikiliza. Mwaka mzima kila mmoja wenu anamdanganya mwenzake ili apate kusikia sauti yake, na kati yenu ni yeye anayekohoa.

Ukimaliza kusoma, mpigie. Usisubiri setilaiti ipite. Mwambie humwoni, hujawahi kumwona, na asitoke tena kwenye moshi, akae ndani na kitambaa kibichi dirishani. Atanyamaza, mwache anyamaze, usikate simu. Halafu mwambie vitu ambavyo hajawahi kuvisikia kwako: jana ulikula nini, chumba chako kina baridi kiasi gani, na kwamba umechoka kukaa peke yako. Umehofia mtakosa la kuzungumza kwa sababu hujawahi kumwambia hata moja kati ya hayo. Kesho yake mpigie tena, na keshokutwa, hata kama huna jipya.

Likizo iombe wiki hii. Panda ndege hadi Porto Velho, ukifika hapo kuna basi la kuja huku kila siku, moshi au hakuna moshi. Habari za kuwa na sura gani mlangoni ni maringo tu, nimewaona wengi waliosubiri wapate sura wakaja kukuta jeneza. Wewe njoo mama akiwa bado anamenya mhogo wake. Mpeleke kwa daktari wa kifua, usimwachie Abdias, ana watoto wake.

Na akikuuliza anaonekanaje, mtazame kwanza, ndipo umjibu.

Belmira