Mtani Hashitakiwi

Jumatano, 3 Septemba 1958

Dukani kwa Mzee Polycarp leo hakununuliki kitu. Gazeti! Anasoma kwa sauti, Mtaa wa Msimbazi wote umsikie. Mtu mweusi huko Amerika, Alabama, kahukumiwa kukalishwa kwenye kiti cha umeme kwa kumwibia bibi wa Kizungu fedha — hata dola mbili hazifiki! Mzee anagonga meza. Anasema zamani walikuwa wakinyonga watu hadharani, umati unakuja na watoto kutazama kama ngoma. Siku hizi wamestaarabika, wanaulia ndani. Watu wakalaani. Nami nikalaani. Chumbani nikalia, lakini si kwa ajili ya Alabama.

Kaka yangu Fikirini ana kesi Jumatatu. Ya kuua. Hapa kwetu hakuna kiti, kuna kamba.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimesikia Mzee Polycarp ni mmoja wa wazee wa baraza kwenye kesi ya kaka, wale watatu wanaokaa na jaji kumpa maoni. Alhamdulillahi! Mtu mwenye uchungu vile na roho ya asiyemjua!

Jumatatu, 8 Septemba

Nina hasira hata kalamu haishikiki.

Mahakamani wanasema kaka alimsukuma Leodegar, hamali mwenzake, kutoka juu ya rundo la magunia ghalani, akafa. Hakuna aliyeona. Kaka anasema aliteleza. Ushahidi wao basi? Maneno! Nyapara kasimama, kasema asubuhi ile kaka alipiga kelele: "Mnyamwezi we, leo nakuzika, sanda nishanunua!" Na siku ya mazishi kaka alilala mbele ya jeneza, anacheka, anadai apewe chochote ndipo wapite.

Sasa? Leodegar Mnyamwezi, sisi Wazaramo. Watani! Mtani asipokutukana, ujue mmegombana. Baba yetu alipofariki, Leodegar huyohuyo aliingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Tulicheka huku tunalia. Nani alimshitaki?

Wakili wa kaka aliugusia utani kidogo. Jaji akaandika. Basi.

Jumanne, 9 Septemba

Jioni nimekwenda dukani. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Nikaanza tu kumweleza habari ya utani — akaninyamazisha. Kesi haizungumzwi nje ya mahakama. Haya. Lakini akaongeza, taratibu kabisa, kwamba kwao Kibosho, huko bara mlimani, mtu hachezi na maiti. Kisha akanipimia sukari, akazidisha kidogo kwa huruma.

Sukari!

Alhamisi, 11 Septemba

Jaji aliwauliza wazee wa baraza mmoja mmoja. Mzee Polycarp akasimama na koti lake la kanisani, akasema: Alimtishia, akamuua, akamcheka kaburini. Ana hatia. Wa pili akamfuata. Wa tatu, mtu wa pwani, akasema ule ni utani, hana hatia — kwa sauti ya kuomba radhi! Jaji halazimiki kumfuata yeyote. Hukumu Jumatatu.

Kaka alinitafuta kwa macho. Nikampungia mkono. Nilitamani kumrukia yule mzee nimng'oe ndevu.

Jumamosi, 13 Septemba

Amekuja! Hodi mlangoni kwangu, karatasi mkononi. Anakusanya majina mtaa mzima yapelekwe kwa balozi mdogo wa Amerika, yule mtu wa Alabama asiuawe. "Mboni mwanangu, wewe umesoma, tia sahihi. Roho ya mtu si ya kuchezea." Alisema hivyo! Kwangu mimi!

Sikumtukana. Nilichukua kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa jina la kaka: FIKIRINI UWESU. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akasema huyu hawezi kutia sahihi, yuko ndani. Nikamwambia hatii sahihi, anaombewa. Yeye yuko karibu kuliko yule wa Alabama, na jaji bado hajasoma hukumu.

Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Yuko barazani mpaka sasa, kajikalia juani na karatasi yake magotini. Maji simpi. Afe na kiu.

Ananiita. Kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijapata kumsikia nayo. Anauliza, eti mtani hudai nini hasa pale kaburini, na asipokuja mazishini watu humfikiriaje.

Leo ndiyo anauliza! Leo!

Ngoja nifungue mlango —