Mlenda Ulioshika Keki

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, mama. Hapa Pasiansi hatujambo. Mguu wa babu umepona, ameshaanza kubishana na majirani. Unauliza mbegu za kitani ulizonunua huko Mbeya uzifanyie nini.

Mimi nilizinunua miaka ile maduka ya mjini yalipoanza kujaa vitu vigeni, nikidhani ni ufuta. Nikaziloweka, nikazisahau. Kesho yake ni kipaimara cha mama yako, kideri kimemaliza kuku mtaa mzima, sina hata yai moja la keki, na mbegu zenyewe zimekuwa utelezi mtupu. Nikainua bakuli nimwage.

Mama mkwe, niliyekuwa namwogopa sana, alikuwa amekuja kutoka Bujora. Akachovya kidole.

“Usimwage, huu ni mlenda. Mayai kwenye keki yana kazi gani?”

“Kushika unga, mama.”

“Basi na huu utashika.”

Akaziponda kwenye kinu, tukachanganya. Keki ilitoka nzito kidogo, lakini haikumeguka, na tulicheka pamoja kwa mara ya kwanza.

Nawe ziponde, utie kwenye keki, chapati, hata uji. Ukishiba, mshukuru yeye. Hukumkuta, lakini jina unaloitwa ni lake.

Bibi yako