Kipande cha Raba Kilichobaki

Mpendwa mshauri, pokea salamu za mzee asiyezoea kuomba msaada, hii ni mara ya kwanza na nikipona itakuwa ya mwisho. Shule niliishia darasa la tatu lakini usinidharau, magari nayajua kuliko waliosoma, mtaani hapa wananiita Mzee Gia, ukiuliza hata kinyozi atakuonyesha nyumba.

Nina gari la spoti, jekundu, viti viwili, pua ndefu, ndilo nililomchukulia mke wangu siku ya harusi na mpaka leo likipita watu wanageuka. Injini yake naifungua na kuifunga macho nimefumba, ila raba za milango zilichakaa, zikakauka na kumeguka kama mkate wa juzi, na mvua ikinyesha maji yanaingia upande wa abiria tu, upande wangu hata tone, kwa hiyo mimi sikuona tatizo. Ni miaka kumi na mitano mke wangu anapanda na beseni mapajani na wala halalamiki, yaani analalamika lakini kwa heshima.

Sasa Jumamosi ijayo tunatimiza miaka arobaini ya ndoa, watoto wameandaa ukumbi, na mimi nimetangaza kwa kila mtu kwamba tutafika na gari lile lile, yeye pale pale pembeni yangu. Binti yangu mkubwa anashona viti vya magari, ana karakana yake, akaninunulia raba mpya akasema, "Baba, nitakuja kukuwekea." Nikamwambia mimi nilikuwa nabadilisha gia wewe hujaota meno, acha hapo nenda. Akacheka akasema, "Sawa Baba, ila usiivute." Mshauri, mtu akiniambia nisivute mimi navuta. Nilipaka gundi kuzunguka mlango wa abiria, juu ya gundi ya zamani maana niliona bado nzima, nikaivuta raba ikalia kwii, ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, nikamaliza mlango wote na kikabaki kipande cha urefu wa mkono wangu. Nikakipeleka karakanani mbele ya wateja, nikamwambia binti, ona, wamekuuzia ndefu kupita kiasi. Akakitazama akasema, "Baba, hicho kipande ni cha mlangoni." Nikamwambia mlango umejaa, nikiweke wapi, kichwani kwako? Wateja wakacheka, nikaondoka kifua mbele.

Kesho yake raba ilikuwa imejirudi, kwenye kona pametokea pengo la vidole vitatu. Nikaliziba na grisi, hakuna aliyeona. Jumapili tukatoka, mke wangu na gauni lake jipya, beseni hana, maana nilimwambia nimeshaligawa, halina kazi tena. Mvua ikatukuta kwenye mataa. Maji yakashuka pamoja na grisi yake, moja kwa moja mapajani, mimi mkavu kama biskuti. Akalitazama gauni, nikajua nimekwisha, mara akaanza kucheka, akacheka mpaka akapata kwikwi, wenye magari ya pembeni wakashusha vioo watazame, na mimi nikacheka, maana mama yule akicheka huwezi kujizuia. Lakini tulipofika nyumbani akajifuta machozi akasema, "Baba watoto, Jumamosi napanda gari la binti yangu. Wewe tufuate nyuma na mtumbwi wako." Na hatanii, ameshamwambia binti aje na pikapu.

Mshauri, nitafikaje ukumbini na kiti kitupu? Binti anasema nikimwita anakuja siku hiyo hiyo. Naomba uniandikie maneno ya kumwita, ila neno samahani lisiwemo, sijawahi kulitumia na kwa umri huu naogopa kuteguka ulimi.

Ni mimi Mzee Gia, dereva asiyewahi kushindwa.

*

Shikamoo, Mzee Gia. Barua yako nimeisoma ofisini kwa sauti, na mhariri wetu, ambaye hajacheka tangu aajiriwe, imebidi atoke nje kujipepea.

Sasa tuache mchezo. Maji yanaingia upande wa abiria tu, kwa hiyo hukuona tatizo? Isome tena sentensi hiyo, mzee wangu, mkeo akiwa amekaa mbele yako. Miaka kumi na mitano na beseni, halafu umemlowesha na grisi juu, na bado akacheka! Ungenipata mimi, ungerudi nyumbani kwa miguu.

Mimi si fundi magari, lakini sketi nimeshona nyingi. Lastiki ukiivuta unapoishona, ukiiachia inarudi ilikotoka. Raba ndivyo ilivyokufanyia, na mwanao alikuonya.

Leo hii, kabla ya chai ya pili, chukua kile kipande. Najua unacho, mtu kama wewe hatupi ushahidi wa ushindi. Nenda nacho karakanani wateja wakiwa wamejaa, maana ulijigamba mbele yao. Kiweke mezani, umwambie binti yako: "Mwanangu, hiki kipande ni cha mlangoni." Basi. Samahani haimo, kama ulivyoagiza, na yeye ataisikia yote.

Kisha umpishe. Hiyo raba uliyoitesa itolewe, mnunue nyingine. Ataikwangua gundi ya zamani mpaka chuma kionekane, atailaza raba taratibu bila kuivuta, na kwenye kona ataisukuma kidogo ijae. Kazi yako ni kushika mkebe wa gundi na kunyamaza. Ulimi ukikuwasha, ung'ate.

Alhamisi mjaribu. Gari liwe uani, mkeo nje ameshika mpira wa maji. Wewe uingie na suti yako ya sherehe, ukae kwenye kiti chake, si chako, ufunge mlango. Amwagilie kila kona, kwa muda anaoutaka yeye. Ukitoka mkavu, mfungulie mlango umkaribishe kama siku ile ya harusi, na pikapu ije kubeba zawadi.

Ukitoka umelowa, bado mna Ijumaa nzima. Ila kwanza, Mzee Gia, ucheke mpaka upate kwikwi.