Mbuzi na Makoti

Mpendwa Chebet,

Unaionaje baridi ya huko ugenini? Sisi hapa Ndanai tuko wazima. Babu yako bado anagombana na ng'ombe wake kila asubuhi. Umeniuliza kama unyamaze darasani kwa sababu wenzako wanacheka matamshi yako.

Miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi wa mifugo, nilisafiri Uingereza nikaingia duka la vitabu la zamani, maarufu sana. Nikaomba kitabu cha mbuzi. Kwa Kiingereza, maneno ya mbuzi na koti yanakaribiana, na ulimi wetu wa Kipsigis huyachanganya. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, akanipeleka kwenye vitabu vya kushona makoti.

Watu wakageuka kunitazama. Ningeweza kutoka kimya. Badala yake niliweka vidole viwili kichwani kama pembe, nikalia, "Meee!"

Duka zima likacheka, na mimi pia.

"Ala, mbuzi! Si ungesema?" akasema muuzaji.

"Nilisema," nikamjibu. "Sasa ndiyo umesikia."

Kitabu hicho kiko hapa mezani, kimechakaa kwa kusomwa. Kesho inua mkono. Wakicheka, ngoja wamalize, kisha useme tena.

Ni mimi kogo wako, bibi yako ninayekusikia vizuri.