Wasiyanywe Maji Yale

Oli, Arua
17 Agosti 1975

Mpendwa Mjomba Lukumani,

Salaam aleikum. Habari za Kibera? Mama Madinah anaendeleaje na mguu wake? Wajukuu hawajambo? Huku mvua ni nzuri na watoto wangu wawili ni wazima, alhamdulillahi. Mimi ndiye si mzima, Mjomba.

Asuman amechukuliwa. Walimkuta sokoni kwenye cherehani yake, wakamtia garini futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Tangu Jumatano sijui mume wangu yuko wapi.

Chanzo ni darasa langu. Mwezi wa sita tulimzika Natale, mwanafunzi wangu, kwa kuharisha. Wenzake wakaniuliza kwa nini watoto wa Oli wanakufa na wa mtaa wa Mvara hawafi. Nikawatoa nje wakalitafute jibu wenyewe. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza nani aliugua na maji anachota wapi. Wakachora mtaa wetu kwa mkaa juu ya shuka kuukuu, na kila nyumba yenye mgonjwa wakaishonea uzi mwekundu.

Uzi wote ulikaa kwa wanaochota kwenye chemchemi ya bondeni. Juu yake kuna vyumba vya kupangisha, na choo chake cha shimo lisilo na kina hufurika mvua ikinyesha. Watoto walisimama pale kwenye mvua wakaona uchafu ukiteremka hadi majini. Tukawaita wazazi waje Jumamosi waione shuka ile.

Mwenye vyumba ana marafiki wenye bunduki. Alipopata habari, Asuman akachukuliwa, na Alhamisi mmoja wao akaja hadi mlangoni kwangu. Hakupiga kelele, Mjomba, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

“Mwalimu, Jumamosi sema maji iko safi,” aliniambia. “Ukisema hivyo, bwana yako anarudi nyumbani.”

Mama mkwe wangu Hadijah alisikia yote. Akanishika miguu, mwanamke mzima yule, akilia: “Sema tu, Rabia. Ni neno moja.”

Nilikubali. Wallahi nilikwenda shuleni jana nikiwa nimekubali. Yule mtu alisimama nyuma, karibu na dirisha. Wazazi walijaa, na mbele kabisa alikaa Paska, mama yake Natale, na mtoto mchanga mgongoni. Nikafungua mdomo, naye akaniuliza, “Mwalimu, huyu nimpe maji ile?”

Nikasema, “Usimpe. Maji yale ni mabaya. Msiyanywe.”

Yule mtu akatoka.

Leo asubuhi niliwaona wanawake wakipita na mitungi, wakiiacha chemchemi na kupanda hadi bomba la Mvara, mbali kote kule. Wanaume wawili wameziba njia ya chemchemi kwa miiba. Asuman hajarudi. Mama mkwe hasemi nami. Chakula nikimpa, anakisogeza pembeni.

Mjomba, wewe ulikuwa jeshini zamani. Kama yuko mwenzako hata mmoja aliyebaki huku ambaye bado anasikilizwa, mwombe aulize tu kama Asuman yu hai. Na watoto wangu wawili naomba uwapokee kwako; ukikubali, nitawatuma. Barua hii anakuletea mkononi Mama Drateru, jirani yangu, posta naiogopa. Akirudi, nijibu kwa mdomo wake. Mimi siwezi kuondoka. Asuman akiachiliwa, lazima anikute hapa.

Usiku sipati usingizi. Najiuliza, akirudi akiwa ameumizwa, akaniuliza kwa nini sikusema lile neno moja, nitamtazamaje? Halafu namwona yule mtoto mgongoni kwa Paska, na bado sijui.

Nisalimie Mama Madinah na binamu zangu wote. Mwambie Mama Madinah asome dua kwa jina la Asuman, alitaje kwa sauti. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, asikuonjeshe haya.

Mimi mwana wa dada yako, nikupendaye na nisiye na mwingine wa kumlilia,
Rabia